Moyo Uliopiga Kabla ya Mgeni Rasmi

Nchi hii ina jina, tena zuri, ila lile jipya bado halijazinduliwa na la zamani limekwisha kufutwa. Kwa sasa wenyewe wanaiita Nchi tu, na sisi tutafuata adabu hiyo hiyo. Msiitafute kwenye ramani, maana ramani nayo inasubiri mgeni rasmi.

Sheria kuu ya Nchi ni fupi na kila mtoto wa shule ameikariri: kitu cha umma hakipo mpaka kizinduliwe. Daraja la Mto Kivuma lilijengwa likaisha, zege likakauka, taa zikafungwa, na wananchi wakaendelea kuvuka kwa miguu chini yake, maji yakiwafika kiunoni, huku wakiinua macho kulisifu. Madawati ya shule ya pale jirani yalipangwa ukutani mpaka darini, na watoto wakakaa sakafuni wakiyaegemea. Hakuna aliyelalamika. Kulalamikia kitu kisichokuwepo ni dalili ya maradhi ya akili, na hospitali ya maradhi hayo ilikuwa bado haijazinduliwa.

Sista Stahmili Kilua alikuwa muuguzi wa chumba cha dharura katika Hospitali Kuu ya Nchi, mwaka wa kumi na tisa kazini. Wazazi walimpa jina hilo kwa matumaini, na kweli alistahimili mengi: uhaba wa glavu, wingi wa mikutano, na feni iliyozunguka pale tu ilipopigwa na fimbo ya ufagio. Jambo moja lilimshinda. Hakuweza kumtazama mtu akifa ilhali kinachoweza kumwokoa kiko chumba cha pili.

Na chumba cha pili, kwa miezi kumi na moja, kulikuwa na mashine ya kushtua moyo. Ilikuja mpya, ikafungwa utepe mwekundu uliozungushwa mara nne, na fundo likapigwa lakiri. Mlinzi wake alikuwa Bwana Ludoviko Senzige, Afisa Itifaki wa hospitali, mtu mwembamba aliyefunga vifungo vyote vya koti hata kwenye joto la Machi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kinachofanya kazi kabla ya wakati wake, na aliifanya kwa uaminifu mkubwa.

Katika miezi hiyo, mioyo kumi na minne ilisimama chumba cha kwanza. Sista alikumbuka kila mmoja. Kulikuwa na dereva wa lori wa miaka thelathini na mbili aliyeanguka huku anacheka, na mpaka wanamfunika shuka uso wake ulikuwa na kicheko hicho. Siku ile Sista alikwenda chumba cha pili.

"Bwana Ludoviko, naomba mashine."

"Mashine ipi, Sista?"

"Hiyo unayoiegemea."

Ludoviko aligeuka, akaitazama, akaupangusa utepe vumbi. "Mimi naegemea hewa, Sista," akasema, na hakuwa anatania.

*

Ili watumishi wawe tayari siku mashine itakapoanza kuwepo, Wizara iliagiza Mafunzo ya Juu ya Kuokoa Moyo, siku tano, kwa wauguzi na madaktari thelathini. Mkufunzi alikuwa Mganga Mkuu mwenyewe, Dakta Kazumari, ambaye tangu apandishwe cheo hakuwa amegusa mgonjwa yeyote asiyekuwa na kadi ya mwaliko.

Siku ya kwanza washiriki walijitambulisha. Siku ya pili walijitambulisha upya kwa ajili ya waliochelewa siku ya kwanza. Siku ya tatu waliandika matarajio yao kwenye karatasi kubwa za ukutani, wakatunga kanuni za darasa, wakachagua mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Huyo wa mwisho alichaguliwa akiwa hayupo, kwani alikuwa hajafika. Siku ya nne walipiga picha ya pamoja mara tatu, kwa sababu kila walipomaliza alitokea mtu mwenye cheo cha kukaa mbele.

Siku ya tano kikaletwa kifaa chenyewe: sanamu la mpira, kichwa na kifua, la kujifunzia kukandamiza. Lilikuwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, na shingoni limefungwa utepe.

"Halijazinduliwa hili," Ludoviko alitangaza kutoka mlangoni. "Kandamizeni hewa ya juu yake. Nusu futi, kwa heshima."

Basi wataalamu thelathini wakapanga foleni, wakapiga magoti mmoja mmoja na kukandamiza hewa, Dakta Kazumari akiwahesabia: moja, mbili, tatu. Zamu ya Sista Stahmili ilipofika, alinyoosha mkono juu.

"Dakta, kifua cha mtu mzima kinatakiwa kiingie ndani kiasi gani?"

"Sentimita tano, zisizidi sita."

"Na hewa nayo?"

Dakta Kazumari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Swali zuri sana," akasema. "Liongezwe kwenye matarajio."

Wote walifaulu. Vyeti vilikuwa vimechapwa zamani, mwaka ambao mafunzo yalitakiwa kufanyika, na uhai wake ulikuwa wa miaka miwili. Vilipogawiwa vilibakiza wiki tatu kuisha muda, kwa hiyo washiriki walipongezwa na kuombwa wajiandae kurudia.

Sista hakupigwa picha na cheti chake. Keshoye, saa ya chai, alimchukua muuguzi mwenzake Festo na wengine watatu mpaka nyuma ya chumba cha kufulia. Huko alikuwa ameviringisha godoro kuukuu la sponji, akalikaza kwa mipira ya dripu mpaka likawa gumu kama kifua cha mtu.

"Hili halina utepe," akasema. "Pigeni magoti. Viganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, unatumia uzito wa mwili, si nguvu za mkono. Ukibonyeza, kiachie kirudi. Usipokiachia kirudi, moyo hautajaa damu, na utakuwa unamchosha marehemu bure."

Walihitaji mwendo wa kufuata, mara mia na kumi hivi kwa dakika, na mwendo ukaja wenyewe. Uani pale kikundi cha ngoma kilikuwa kinajifua kwa ajili ya siku ya uzinduzi. Kiongozi wake alikuwa Bi Mashavu Kombo, mama wa miaka sitini na moja aliyestaafu ufagizi wa hospitali hiyo hiyo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku moja alichungulia akawakuta wanatokwa jasho juu ya godoro.

"Makubwa! Mnamuua nani huko?"

"Shikamoo, mama. Tunamfufua."

"Marahaba. Basi fufueni kwa mpigo," akasema, akawageukia wapiga ngoma wake. "Kazeni, nyie! Wenzenu wana maiti huku!"

*

Siku ya uzinduzi ikafika. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Naibu Waziri wa Afya na Shukrani, na alitarajiwa saa tatu asubuhi. Langoni kulitundikwa kitambaa kilichoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mashine ilitolewa nje ikawekwa mbele ya meza kuu, chini ya mwavuli. Bi Mashavu na wenzake waliwekwa juani.

Walikuwa wamevaa vitenge vya sare vyenye picha ya Mheshimiwa akitabasamu, moja kubwa kifuani. Amri ya Ludoviko ilikuwa kuimba kila litakapotokea gari lenye vioo vyeusi. Kufikia saa saba walikuwa wameliimbia gari la maiti mara mbili, harusi iliyopotea njia, na gari la kunyonya vyoo, ambalo dereva wake aliguswa mno, akashuka na kucheza nao kidogo. Maji yalikuwepo, chupa arobaini, lakini yalikuwa ya meza kuu, na meza kuu ilikuwa tupu.

Saa saba na dakika kumi Bi Mashavu alianza ubeti, akasita katikati, akaweka mkono begani kwa mwenzake kama anayetaka kumnong'oneza jambo. Kisha akaanguka.

Sista Stahmili alikuwa hatua ishirini. Alimfikia, akamtikisa mabega. "Bi Mashavu! Bi Mashavu!" Kifua hakipandi. Akamwekea vidole shingoni, akahesabu kimoyomoyo mpaka tisa, hakuna kitu. Mama huyu ndiye aliyempa uji wa kwanza siku ya kwanza ya kazi yake.

"Festo, kifua!"

Festo alipiga magoti, viganja vyake vikatua moja kwa moja juu ya pua ya Naibu Waziri, akaanza.

"Wee! Unamkandamiza Mheshimiwa!" Ludoviko akapiga kelele.

"Namkandamiza aliye chini yake," Festo akajibu bila kuinua kichwa.

Sista alikwisha kuifikia mashine. Ludoviko akamwahi, akasimama mbele yake mikono ameitanua.

"Sista, mgeni yuko njiani. Ameshapita Kona ya Pili. Ni nusu saa tu."

"Ubongo bila damu unaanza kufa dakika ya nne."

"Basi ajitahidi kusubiri. Sote tumesubiri."

Sista akamtazama Dakta Kazumari aliyekuwa amekaa kiti cha kwanza cha safu ya watumishi. Dakta alitazama kiatu chake, akasema suala lenyewe ni nyeti na linahitaji kamati ndogo.

Hapa inabidi niseme lililotokea, ingawa wasomaji watiifu watashtuka. Sista Stahmili alitia mkono mfukoni, akatoa mkasi wa kukatia bandeji, akapita chini ya kwapa la Afisa Itifaki, na akakata. Alikata utepe, akakata fundo, na lakiri ikapasuka. Ludoviko alilia kama aliyekatwa yeye.

Na hakuishia hapo. Alirudi kwa Bi Mashavu, akapasua kitenge kuanzia shingoni, akipita katikati ya tabasamu la Mheshimiwa, jino hadi jino. Akabandika kibandiko kimoja cha mashine chini ya mfupa wa mtulinga wa kulia, cha pili ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Kwenye kioo cha mashine mstari ulikuwa unatetemeka ovyo. Moyo ule haukuwa unapiga, ulikuwa unatapatapa.

"Ondokeni wote! Asiguse mtu!"

Watu wakarudi nyuma, hata waliokuwa nje ya uzio. Sista akabonyeza. Mwili ukaruka, ukatulia.

"Festo, rudi kifuani! Usisubiri kitu!"

Festo akarudi, lakini mikono yake ilianza kwenda mbio kwa hofu. Ndipo mzee mmoja wa kikundi, machozi yakimtoka, akaishika ngoma yake na kuipiga kwa mwendo ule waliouzoea. Wenzake wakamfuata. Festo akatulia kwenye mpigo. Dakika mbili, wakabadilishana. Wakashtua tena. Muuguzi mwingine alikuja mbio na oksijeni na sindano za adrenalini, Sista akachoma moja, akaandika saa kwenye kiganja chake kwa kalamu. Wakaendelea kukandamiza. Mara ya tatu walipotazama kioo, mstari ulikuwa umejipanga. Sista akarudisha vidole shingoni na akasikia pigo, na jingine, na jingine.

Baada ya muda Bi Mashavu alikoroma, akafumbua jicho moja.

"Kafika?"

"Hajafika, mama."

"Sasa mnaniamshia nini?" akasema, akalifumba tena, huku anapumua.

Mheshimiwa alifika saa nane na nusu. Aliona utepe chini, akaona nusu ya uso wake kwenye nyasi, akapandisha kioo cha gari na kuondoka. Sista hakumwona, alikuwa wodini.

*

Iliundwa Kamati ya Kuchunguza Uhai Usio Rasmi, watu saba, na mwenyekiti wake alikuwa Dakta Kazumari. Ilikaa siku nne na kufikia hitimisho ambalo hata mimi, nisiye msomi wa sheria, naona halina mwanya. Mashine haijazinduliwa, kwa hiyo haipo. Mtu hawezi kufufuliwa na kitu kisichokuwepo. Kwa hiyo Bi Mashavu Kombo ni marehemu. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya chakula cha wodi, na Festo akawa anamletea uji wa kutoka nyumbani.

Sista alisomewa makosa matatu: kukata utepe bila cheo, kumpasua Mheshimiwa mdomoni, na kumweka hai mwananchi pasipo kibali.

"Hata hivyo Serikali ni sikivu," Dakta Kazumari alisema. "Tutarudia. Utepe utafungwa upya. Marehemu atalala pale pale alipolala, Mheshimiwa atabonyeza kitufe kwa mkono wake, naye marehemu ataamka rasmi, mbele ya kamera. Wewe utabandika vibandiko na kutia saini barua ya kuomba radhi. Yatakwisha."

"Dakta, moyo wake unapiga."

"Ndiyo maana kazi itakuwa nyepesi."

"Ukishtua moyo unaopiga unaweza kuusimamisha. Wewe ni daktari, unajua. Mashine hii haichagui, inamtii mwenye kidole."

"Mheshimiwa ana kidole chepesi." Dakta akainamia karatasi zake, na sauti yake ikashuka kidogo. "Usipokuja, Stahmili, atabandika Ludoviko. Na leseni yako ya uuguzi naifuta mimi mwenyewe, leo hii."

Sista aliogopa, tusimpambe. Miaka kumi na tisa si mchezo, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Lakini alimfikiria Ludoviko na vibandiko, na kifua cha Bi Mashavu kilichokuwa bado na michubuko ya mikono ya Festo, na hasira ikaishinda hofu.

"Nitakuja," akasema. "Tena nitawahi."

Kamati iliandika kwamba mtuhumiwa amejirudi.

*

Safari hii Mheshimiwa alifika saa tatu kamili, jambo lililowakuta waandalizi wakiwa bado wanapanga viti. Alihutubia saa nzima juu ya moyo wa kujituma, moyo wa uzalendo na moyo wa shukrani. Alikata utepe, wakapiga makofi. Mashine ikaanza kuwepo.

Kitanda kiliwekwa uani, na Bi Mashavu amekaa juu yake, kitenge kipya, miguu inaning'inia. Ludoviko alimsogelea kwa unyenyekevu.

"Mama, lala sasa. Ufe kidogo tu, dakika mbili."

"Ludoviko mwanangu," akasema Bi Mashavu, kwa ile sauti yake ya kuamsha mtaa, "nimekufa mara moja kwa ajili ya mgeni wenu, na hakuja. Sirudii."

Uani kukazuka kicheko, kikakatika haraka. Ludoviko aliwapa walinzi wawili ishara ya kichwa. Wakamshika mama wa watu mabega, wakamlaza, na kwa kuwa Sista hakusogea, vibandiko vikabandikwa na Ludoviko mwenyewe, kimoja kikiwa kinyumenyume. Mashine ikalia mlio wa kujaa umeme. Mheshimiwa akainua kidole, akageuza uso upande wa kamera.

Sista Stahmili alitoka kwenye mstari wa wauguzi. Hakukimbia. Alifika kitandani akaweka viganja vyake viwili juu ya kifua cha Bi Mashavu, akavituliza pale. Chini yake alisikia moyo ukienda mbio kwa woga.

"Ondoa mikono, Sista!" Dakta Kazumari alipayuka. "Anayegusa anapigwa na umeme naye!"

"Najua. Nimesoma. Nina cheti." Akamtazama Mheshimiwa usoni, uso halisi usiokuwa na tabasamu. "Bonyeza, Mheshimiwa. Huyu mnasema ni marehemu. Mimi niko hai kisheria, nina namba ya utumishi. Ukibonyeza, umeua mtumishi wa Serikali mbele ya kamera."

Festo akaja, akaweka kiganja chake pembeni ya vile viwili. Akaja mzee wa ngoma. Wakaja wauguzi wale watatu wa godoro, kisha mama wa jikoni, unga bado mikononi. Walinzi wawili, walioshika mabega tangu mwanzo, walitazamana na kutambua kwamba nao wanagusa, wakaachia mbio.

Kidole cha Mheshimiwa kilibaki hewani. Aligeuka kumtafuta Afisa Itifaki, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Ludoviko hakuwa na utaratibu wa kumpa.

"Nimeridhishwa na maandalizi," Mheshimiwa akasema hatimaye, akashusha kidole, akaelekea kwenye gari lake.

Sista alibandua vibandiko kimoja kimoja, taratibu, asimuumize mama ngozi. Ludoviko alimjia na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya kuomba radhi. Sista aliisoma mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akamrudishia mfukoni mwa koti. Ya pili ilikuwa fomu ya hospitali ya taarifa ya huduma iliyotolewa, ambayo tangu siku ile ya kwanza ilikuwa haijajazwa.

"Hii nitaijaza," akasema.

Aliandika akiwa amesimama, fomu juu ya godoro la kitanda. Saa ya kuanguka: saba na dakika kumi. Saa ya kukata utepe: saba na dakika kumi na mbili. Mishtuo: miwili. Adrenalini: miligramu moja. Saa ya mapigo kurudi: saba na dakika kumi na nane. Chini kabisa, kama kwenye fomu zote za Nchi, kulikuwa na nafasi ya jina la mgeni rasmi. Akaandika: hakuhitajika.

Ludoviko alisoma begani kwake. "Sista, ukiliacha neno hilo hapo, leseni huna."

"Najua," akasema Sista, akatia saini.

"Na inataka shahidi," Ludoviko akasema, akitafuta pa kushikilia. "Bila shahidi ni karatasi tu."

"Nipe mimi kalamu," akasema Bi Mashavu kutoka kitandani.

"Wewe huwezi, mama. Wewe ni marehemu."

Bi Mashavu alijiinua, akajifunga vizuri kitenge chake, akaichukua kalamu mkononi mwa Sista. Hakuwa na mazoea ya kuandika. Alijaza jina lake lote polepole, herufi moja baada ya nyingine, watu wote wakisubiri, mpaka Kombo ikakaa. Pale palipoulizwa cheo cha shahidi alifikiri kidogo, kisha akaandika: Nipo.